Moshi wa Jikoni kwa Bibi

Kazi yangu ya kwanza nyumbani ilikuwa kuokota mavi ya ng'ombe. Nilikuwa na miaka saba. Asubuhi, ng'ombe wakishatoka zizini, bibi alinipa karai kuukuu nami nikawafuata njia ya lambo, nikiokota. Mabichi niliyabandika kwenye mawe ya nyuma ya nyumba, upande unaopata jua la mchana. Makavu niliyajaza kikapuni na kuyapeleka jikoni. Hizo ndizo zilizokuwa kuni zetu. Kijijini kwetu Kishapu, mkoani Shinyanga, mwishoni mwa miaka ya sabini, ulipanda juu ya kichuguu ukamwona mtu wa baiskeli anakuja kutoka upande wa Mwadui, ukarudi nyumbani, ukachota maji mtungini, naye alipofika ukampokea na kata mkononi. Hapakuwa na mti wa kumficha.

Moto wa mavi ya ng'ombe hauwaki, unafukuta. Moshi wake ni mzito, wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majivu, na hautoki haraka ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Bibi aliinama juu ya moto huo asubuhi na jioni, akisonga ugali wa mtama, akichemsha michembe, akipika mlenda. Alikuwa akipika hivyo kwa miaka mingi kabla sijazaliwa. Macho yake yalikuwa mekundu tangu nilipomfahamu, na kingo zake zilikuwa na majimaji ambayo aliyafuta kwa pindo la kanga. Nilidhani macho ya wazee wote huwa hivyo. Sikujua kwamba rangi ile, kwetu Usukumani, ilihesabiwa dalili ya uchawi, na ingeweza kumfanya mtu akatwe mapanga usiku.

Bibi alikuwa akiukumbuka msitu. Alisema utotoni mwake watoto walikatazwa kwenda lamboni peke yao kwa sababu ya fisi na chui. Kisha zikaja kampeni za wakati wa Mwingereza za kufyeka na kuchoma mapori ili kumaliza mbung'o. Baada ya vita ya pili ya dunia ikaja pamba, na kila aliyekuwa na jembe akafungua shamba jipya. Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Familia yetu ilihamishwa kutoka itongoni, pale walipozikwa wazee, ikapangwa kwenye mstari wa nyumba kando ya barabara. Tulichoacha huko nyuma ni ngitili yetu: kipande cha malisho ambacho Wasukuma hukifunga wakati wa masika, nyasi na miti vikue, kisha hukifungua kiangazi kikikaza ili ndama, ng'ombe wazee na maksai wa kulimia wapate cha kutafuna. Tulipohama, hakukuwa na wa kuilinda. Ndani ya misimu michache ikawa vumbi kama kwingine kote.

Kwa hiyo macho ya bibi yalikuwa na historia ndefu. Miti iliondoka, kuni zikaondoka, mavi yakaingia jikoni, moshi ukakaa machoni. Nimelifahamu hilo nikiwa mtu mzima. Wakati ule nilijua tu kwamba kila usiku, kabla ya kulala, bibi alisukuma jiwe la kusagia mpaka likaegemea mlango.

Mwaka 1988 aliuawa mama mmoja wa kitongoji cha jirani, mjane, aliyekuwa akija kwetu kuomba chumvi. Sitaeleza alivyokutwa. Nitasema tu kwamba siku ya mazishi watu walikuja wachache, walizungumza habari za mvua, na polisi walipofika na daftari lao kijiji kizima kilijibu neno moja: hatujui.

Kulikuwa na sababu ya ukimya huo, na baba alinieleza siku moja tukipalilia. Mwaka 1976, mauaji ya vikongwe yalipozidi Mwanza na Shinyanga, serikali ilituma msako mkubwa. Watu walikamatwa kwa wingi, wakateswa mikononi mwa waliowashika, na baadhi yao wakafa. Habari zilipofika juu, mawaziri waliwajibika. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 ingawa mkono wake haukumgusa mfungwa yeyote. Namheshimu kwa hilo mpaka leo. Lakini vijijini lilibaki jambo jingine kabisa. Watu walijifunza kwamba ukimtajia polisi jina, unaweza kuwa umemtaja maiti, na huenda hakuwa mkosaji. Nguvu ile ilikusudiwa kuwalinda akina bibi, ikaishia kuwafunga midomo majirani zao, yaani watu pekee ambao wangeweza kuwalinda.

Miaka mingi baadaye, Januari 2009, nilisikia redioni Waziri Mkuu Mizengo Pinda akilia bungeni. Wakati huo ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wanauawa huku huku kwetu, Shinyanga na Geita, na yeye, baada ya kuzunguka mikoani na kuona, alikuwa ametamka kwamba wauaji nao wauawe hapo hapo wanapokamatwa. Alipoulizwa bungeni, machozi yakamtoka. Niliyaamini machozi yale. Nilikumbuka pia 1976, nikaogopa.

Mtu aliyenifundisha njia nyingine alikuwa dada mkubwa wa baba. Shangazi alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Aliolewa Maswa, ndoa ikavunjika, akarudi nyumbani na ubao wake mweusi na sanduku la chaki. Nusu ya wanaume wa kijiji chetu walijifunza kuandika majina yao mbele yake, wengine wakiwa na mvi. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini. Ukitaka kumsikia, ulilazimika kusogea.

Shule yake kwangu ilianzia kwenye miti. Mwalimu Nyerere alipopita Shinyanga mwaka 1984 alishtushwa na jinsi ardhi ilivyobaki uchi, na mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kijijini kwetu tuliwaona kwanza kama watu wa miche. Walileta mikaratusi na miarobaini kwenye viriba vyeusi, wakatugawia, wakatuagiza tumwagilie, wakati maji ya kunywa tu tuliyafuata kwa punda. Mbuzi walikula mingi, jua likamaliza iliyobaki. Mwaka wa pili akaja bwana misitu mwingine, kijana, ambaye hakuleta mche hata mmoja. Alikaa na wazee siku tatu akiwauliza zamani walifanyaje. Wazee wakamtajia ngitili. Nakumbuka furaha ya baba jioni hiyo. Ilikuwa kama ya mtu aliyeambiwa kwamba kitu alichokitupa kinatafutwa kwa bei kubwa.

Kijiji kikatenga ngitili ya wote, kamati ikaundwa, shangazi akawa mjumbe. Mwaka 1991 nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikafanywa katibu kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa na hakika juu ya kila kitu. Nilikuwa nimeshasoma habari za jangwa. Nilikuwa nimeshamwona bibi akishindwa kutia uzi kwenye sindano. Niliona kwamba kila ng'ombe aliyeingia ngitilini kwa wizi alikuwa anayakanyaga macho ya bibi yangu, na kwa kweli sikukosea sana.

Mwezi wa kumi mwaka huo, kwenye mkutano chini ya mbuyu, nilisimama na daftari nikasoma majina saba ya waliolisha ngitilini usiku. Niliyasoma kwa sauti kubwa, mbele ya wake zao na wakwe zao, na baada ya kila jina nikasema, "Adui wa kijiji." Hakuna aliyeniagiza kuyasema maneno hayo. Jina la tatu lilikuwa la mzee tuliyemwita Guku, yaani babu, aliyekuwa rika la marehemu babu yangu. Aliinuka, akachukua kigoda chake, akaondoka bila kutazama mtu. Nilijisikia mshindi. Usiku wa tatu baada ya mkutano, ngitili iliwaka moto. Tuliuona kutoka uani, mstari mwekundu mrefu ukitembea na upepo, na nilisikia vitu vinapasuka kwa mbali kama bisi.

Nilitaka sungusungu, walinzi wetu wa jadi, waitwe usiku ule ule. Shangazi alisema tulale. Asubuhi alifunga michembe kwenye kitambaa, akaniambia, "Vaa kanga, tunakwenda kwa Guku."

Tuliketi kwa Guku muda mrefu bila neno. Tulisalimiana, mwangaluka, mwangaluka, tukaulizana habari za watoto na ng'ombe, mhola, mhola duhu, kisha kimya. Nilitegemea shangazi ataanza kuhoji. Hakuhoji. Aliketi chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha kama mtu aliyekuja kukaa mpaka jioni. Mwishowe Guku mwenyewe alisimama, akatuashiria tumfuate zizini. Palikuwa na maksai wawili tu. Wengine walikwisha kwa kiangazi. Ungeweza kuhesabu mbavu zao ukiwa mlangoni. Mmoja alikuwa amelala na hakuinuka tulipoingia. Guku alimshika mkia, akamnyanyua kwa bega lake, na yule ng'ombe akasimama akitetemeka, akatazama mikono yetu.

"Nikikosa hawa," Guku alisema, "Novemba nitalima na nini?" Kisha akanigeukia. "Wewe umesoma. Nani kawafundisha kufunga ngitili mwaka mzima? Ngitili ni ghala, mjukuu wangu. Mnafunga ghala siku ya njaa?"

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tumefanya. Kwa bidii yetu ya kuona miti inarudi, kamati ilikuwa imeifunga ngitili masika na kiangazi, yote, bila kufungua hata pembe. Tulichukua jina la jambo la wazee tukaacha akili yake. Guku aliifahamu ngitili kuliko sisi wote, nasi tulimfanya mwizi wa kitu ambacho desturi ilimpa haki nacho.

Nilidhani basi, mambo yamekwisha, tutasameheana. Lakini shangazi, akiwa bado anampapasa yule maksai shingoni, alisema kwa sauti yake ile ile ya chini: "Baba, njaa ya ng'ombe wako nimeiona, na nitaisemea. Moto nao nimeuona. Mbuzi wa mchenya utamtoa."

Guku alikaa kimya. Kisha akasema, "Nitamtoa."

Dagashida, baraza la jadi, liliketi wiki iliyofuata. Kanuni ikabadilishwa: ngitili igawanywe vipande, kila mwaka kiangazi kikifika vifunguliwe kimoja baada ya kingine, maksai na ndama kwanza. Guku akatoa faini yake, mchenya kama tunavyouita, mbuzi dume mweusi, mbele ya watu wote. Nami shangazi alinisimamisha chini ya mbuyu ule ule. Nilikuwa nimemwomba anipeleke kwa Guku faraghani nikaombe radhi, akakataa. "Ulimvunjia heshima hadharani," alisema. "Heshima inarudishwa pale ilipochukuliwa." Niliomba radhi nikitetemeka. Watu hawakucheka. Msimu uliofuata Guku alijitolea kuwa mlinzi wa ngitili, na hakuna aliyewahi kuilinda kwa ukali kuliko yeye.

Ni rahisi kusimulia habari ya ng'ombe na nyasi. Iliyofuata ni ngumu.

Mwaka 1993 mtoto wa kiume wa miaka miwili alikufa kwa surua kitongojini kwetu. Baba yake alikwenda kwa mganga. Kuku akapasuliwa, ramli ikasomwa, na jina halikutajwa, ila dalili zikatolewa: mwanamke, mzee, anakaa upande wa machweo ya jua, macho yake mekundu. Upande huo walikuwapo wazee wawili wa kike. Mmoja alikuwa bibi yangu, mwenye wana wanne na wajukuu wa kumzunguka. Mwingine alikuwa rafiki yake, mjane asiye na mtoto, aliyekaa peke yake. Kila mtu alijua ramli imemwangukia nani.

Nilimwendea shangazi nikiwa na hotuba tayari kichwani. Nilitaka twende msibani tukawaambie watu kwamba surua ni ugonjwa, kuna chanjo, uchawi ni ujinga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajitwika mtungi wa maji, akaenda msibani. Alikaa siku zote za matanga. Alichota maji, aliosha vyungu, alilala sakafuni pembeni ya mama wa marehemu. Hakusema neno lolote kuhusu uchawi. Mama yule alipolia usiku akisema kuna mtu amemla mwanawe, shangazi alimshika mkono na kumwambia, "Alikuwa mtoto mzuri. Alikuwa ameanza kuniita." Nilikuwapo, na nilikasirika; niliona ni kama anakubaliana naye.

Matanga yalipokwisha, shangazi alikwenda dagashida. Wanawake hawakuwa na nafasi ya kusema pale. Alisimama pembeni ya duara, juani, tangu asubuhi, mpaka kiongozi wa sungusungu, ambaye sisi tulimwita Ntemi, akachoka kumwona amesimama, akamwuliza, "Mayu, una shida gani?" Ntemi alikuwa mwanafunzi wake wa kisomo.

Ni lazima niseme jambo kuhusu sungusungu ili msomaji aelewe uzito wa alichofanya. Jeshi hilo la jadi lilizaliwa huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya themanini kupambana na wezi wa ng'ombe, na liliwashinda. Hilo hakuna anayeweza kulibisha. Mwaka 1989 serikali ikalitambua kisheria. Lakini lilikuwa pia na historia ya kuwafukuza vijijini watu waliodhaniwa wachawi, hasa wanawake. Adhabu yake kubwa ilikuwa kutengwa: hupewi moto, huchotewi maji, ukifiwa huzikiwi. Shangazi alikuwa anasimama mbele ya watu wenye uwezo wa kumfanyia hayo.

Alisema maneno machache. Alisema mtoto yule amemlilia kama wengine, na hakuna anayeweza kusema hakuwapo. Alisema yeye hakuja kubishana na mganga. "Nimekuja kusema kwamba kuanzia leo ninahamia kwa yule mjane. Atakayekuja usiku atanikuta. Mimi nawajua ninyi nyote kwa miandiko yenu na kwa sauti zenu, hata gizani. Nitakayemtambua nitamtaja, kituoni na mahakamani, awe mtoto wa nani, awe wa kwetu. Na nikifa, majina yapo yameandikwa na yako kwa mtu mwingine."

Pakawa kimya. Mzee mmoja akamtukana. Shangazi hakumjibu. Alimtazama Ntemi tu, akangoja, kama alivyokuwa akingoja zamani mtu mzima akihangaika na herufi ubaoni. Mwishowe Ntemi alisema kwamba mjane yule yuko chini ya ulinzi wa sungusungu, na atakayemgusa atapigiwa mwano kama mwizi wa ng'ombe. Sauti yake haikuwa na nguvu sana, lakini alisema.

Nilimuuliza shangazi njiani majina hayo yako kwa nani. Akasema, "Kwako. Umesahau kuyaandika tu." Tukayaandika usiku ule.

Tulilala kwa mjane miezi miwili, mimi na shangazi, kwenye ngozi ya ng'ombe karibu na mlango. Niliogopa kila usiku, na mbwa wakibweka moyo ulinipanda kooni. Hakuna aliyekuja na panga. Wiki ya tatu, asubuhi na mapema, alikuja mama wa yule mtoto. Alisimama uani na mtungi kichwani. Ulikuwa mtungi wa shangazi, uliobaki msibani. Aliutua. Ulikuwa umejaa maji. Mjane alitoka ndani, wakatazamana, na mama yule akasema, "Mwangaluka, mayu." Kisha akaondoka. Hapo hasira yangu ya siku za matanga iliisha. Kama shangazi angeanza na hotuba yangu, mtungi ule usingerudi. Na kama angeishia msibani na asiende dagashida, asingekuwapo mjane wa kusalimiwa.

Mwaka uliofuata kikundi cha akina mama kilianza kujenga majiko ya udongo yenye bomba la kutolea moshi ukutani, na ngitili ikaanza kutupa matawi makavu. Bibi alipikia kuni kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Daktari wa macho alimwambia kwamba wekundu ule ulikuwa moshi, vumbi na vikope, na baadhi ya madhara hayatarudi nyuma. Lakini majimaji yalipungua. Aliacha kufuta macho kwa pindo la kanga, na mkono wake uliendelea kwa muda kuinuka kwenda usoni kwa mazoea, kisha ukashuka.

Leo ngitili za Shinyanga zimeandikwa vitabuni. HASHI ilipoanza, ngitili zilizojulikana hazikuzidi sana hekta 600. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, zilihesabiwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji 833, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Najivunia takwimu hizo. Ila ninapozisoma huwa naona mbuzi dume mweusi akivutwa kwa kamba, na mzee anayemvuta.

Ningependa kusema kwamba baada ya shule hiyo sikukosea tena. Mwaka 2003 nilikuwa Rwamagasa, wilayani Geita, na kikundi kidogo kilichofanya kazi na wanawake wa machimboni. Ulikuwa wakati UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, wanapima zebaki kwenye maji, kwenye samaki na kwenye damu za watu wa pale. Makarasha yalisaga mawe mchana kutwa, vumbi jeupe limelala juu ya vibanda vya mamantilie. Wanawake walinunua marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kusagwa na kuoshwa, wakauosha tena, wakakamatisha dhahabu kwa zebaki kwenye karai, wakakamua kwa kitambaa mpaka kikabaki kidonge cha rangi ya fedha, kisha wakakichoma juu ya jiko la mkaa lile lile la kupikia. Zebaki ikiruka, dhahabu inabaki. Moshi wake, tofauti na ule wa bibi, huuoni vizuri na hauchomi macho, lakini unaingia mwilini, unaharibu figo na mishipa ya fahamu, unafanya mikono itetemeke.

Tulikuwa na vyombo vya chuma vya kuchomea vinavyonasa mvuke. Wanawake hawakuvitaka. Safari hii niliuliza kwa nini, nikasikiliza, na sababu yao ilikuwa ya maana: ukichomea ndani ya chuma huioni dhahabu yako, na machimboni kitu usichokiona kimeshaibwa. Tukakubaliana chombo kifunguliwe mbele ya mwenye mali na mashahidi wawili. Baadhi wakaanza kukitumia. Nilijiona nimekomaa.

Lakini kulikuwa na mama mmoja kijana aliyechoma kibandani mwake, amembeba mtoto mgongoni. Nilimpenda. Alikuwa ameachwa na mume aliyekimbilia dhahabu iliyozuka kwingine, na alikuwa na watoto watatu. Kila nilipotaka kumwambia amtoe mtoto mle ndani, nilikumbuka majina saba chini ya mbuyu, nikanyamaza. Nikasema moyoni, tujenge urafiki naye kwanza, asione ninamhukumu. Nikanywa chai yake. Wiki sita nilikunywa chai yake huku kidonge kikifuka juu ya mkaa, na kichwa cha mtoto kiko juu ya bega la mama yake, mdomo wazi, amelala.

Aliyesema alikuwa mwenzangu mpya, siku yake ya kwanza. Aliingia, akaona, akasema, "Dada, nipe mtoto," akampokea, akatoka naye nje, akarudi mlangoni na kueleza kwa nini, waziwazi, bila kuzunguka. Yule mama aligeuka kunitazama. Hakuwa na hasira na mwenzangu. Aliniuliza mimi, "Kumbe ulikuwa unajua?"

Sina jibu la swali hilo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, na kila nikisikia unatajwa, nalisikia swali lile.

Mwaka 2006 bibi alifariki nikarudi nyumbani. Baada ya mazishi nilimsimulia shangazi habari ya Rwamagasa. Alikuwa amezeeka, haoni vizuri, lakini alisikiliza kama zamani. Aliuliza jambo moja: "Mtoto yule jina lake nani?"

Sikulijua. Mama yake tulimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na wiki zote zile sikuuliza la yule wa mgongoni.

"Basi ile haikuwa huruma," shangazi alisema. "Ulikuwa unaogopa kuchukiwa." Kisha akaniomba nimsaidie kuinuka, kwa sababu wageni wa mbali walikuwa wanaondoka na ilibidi tuwasindikize.

Bibi alifariki usiku, kitandani mwake, kwa uzee. Waliomkuta asubuhi waliingia bila kuvunja mlango. Jiwe la kusagia lilikuwa jikoni, karibu na jiko la udongo, na lilikuwa limekaa hapo miaka kumi na mbili.